Vidole Viwili Vilivyonipa Jina

Sehemu ya tisa

Ikiwa gazeti la wiki iliyopita ulilifungia sabuni kabla hujalisoma, usijilaumu. Mimi mwenyewe natamani yale niliyoyaandika humo yangefungia sabuni nchi nzima.

Kwa kifupi: mimi ni mpiga besi wa jazi. Ile besi ya mbao ya kusimama, inayomzidi mwenyewe kimo na mara nyingi humzidi hata heshima. Bendi yetu hupiga katika hoteli, wakati wa chakula cha mchana na chai ya alasiri. Kiongozi wa bendi ni mpiga piano, na mpiga piano huyo ni kaka wa mke wangu. Nikikosana na watu kazini, nimekosana nao mpaka mezani kwangu.

Miaka miwili iliyopita kidole cha pete na kidole cha mwisho cha mkono wangu wa kushoto vilianza kufa ganzi. Kwenye besi vidole hivyo hukanyaga uzi pamoja, kama ng'ombe wawili wa jembe moja. Vikigoma, noti moja katika kila tatu haipigiki.

Nikaanza kuziruka. Napiga moja, nanyamaza, naangalia dari kama mtu aliyeona jambo kubwa huko juu. Sikuona kitu. Nilikuwa nasubiri ifike noti ninayoiweza.

Na watu wakaanza kunisifu!

Wakaniita Nguzo. Mwandishi mmoja wa mambo ya muziki (si wa gazeti hili, wa gazeti hili wana masikio) akaandika kwamba mimi ndiye mtu pekee anayejua kupiga kimya. Wiki iliyopita niliwaacha hapo, nimeshika sifa hiyo mkononi kama mtu aliyeokota mtoto wa chui akidhani ni paka.

Sasa amekua.

Jumatatu asubuhi tulikuwa mazoezini, katika chumba cha kupigia pasi cha hoteli, katikati ya marundo ya mashuka. Ndiko wanakotuweka ili wageni wasisikie tunavyokosea. Shemeji akaingia ameinua gazeti juu kama bendera.

“Alhamisi, saa nne asubuhi, studio,” akasema. “Tunarekodi santuri nzima. Na kipande cha mwisho ni chako peke yako, shemeji. Dakika nne. Piano hakuna, ngoma hakuna.”

Mpiga ngoma wetu, tunayemwita Kishindo, akagonga sahani yake ya shaba kunipongeza.

“Dakika nne peke yangu?” nikasema. “Shemeji, mimi si mtu wa kujionyesha.”

Akawageukia wenzangu. “Mnaona? Unyenyekevu huo ndio unaosikika kwenye nyuzi.”

“Watu watachoka.”

“Wachoke. Kwani muziki ni kitanda?”

“Nina mafua.”

“Besi haipigwi kwa pua.”

Wenzangu wakacheka. Ndipo nikaona kwamba Kishindo ameacha vifungo vya mikono ya shati lake wazi, vinaning'inia. Na mpuliza tarumbeta hali kadhalika. Mimi huacha changu wazi kwa sababu vidole vyangu haviwezi kukishika. Wao walidhani ni mtindo.

“Kishindo, hizo nguo vipi?” nikamuuliza.

“Tunakufuata, mkubwa,” akasema. “Wewe uko huru bwana. Unaonekana tu.”

Huru! Nilitamani kumpiga kwa mkono wa kushoto, ila ungemkosa.

Jumanne nikaenda kwa daktari, yule niliyemkimbia miezi minane. Akanibonyeza kwenye kiwiko, nikaruka mpaka karibu nimbusu.

“Hapa ndipo tatizo lilipo,” akasema. “Mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kiwiko. Miaka miwili umebanwa, kama mtu aliyefungiwa kabatini anagonga mlango, na mwenye nyumba anaongeza sauti ya redio.”

“Unafunguliwa?”

“Kwa kisu, ndiyo. Lakini tazama hapa.” Akanifinya nyama iliyo kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Hakukuwa na nyama ya kufinya. “Imeanza kunywea. Ikishakufa yote, hata nikiufungua mshipa utakuta nyumba haina watu.”

“Nina muda gani?”

“Ulikuwa nao mwaka jana. Alhamisi saa tatu asubuhi mgonjwa wangu mmoja amejitoa. Nikupe nafasi yake. Baada ya hapo nasafiri miezi mitatu, na mimi nikirudi huu mkono utakuwa wa kupungia tu watu.”

“Alhamisi nina kazi.”

“Kazi gani?”

“Napiga besi.”

“Kwa mkono gani?”

Nikauficha mkono nyuma ya mgongo. Akaandika jina langu kwenye daftari lake, Alhamisi, saa tatu.

Nikarudi nyumbani nimeazimia kumwambia mke wangu kila kitu. Nikamkuta amekaa na simu mbili, moja anaongea, nyingine inaita.

“Baba watoto, umechelewa kusikia!” akasema. “Nimeshawaambia dada zangu, mama yako, na yule mjomba wako asiyependa muziki. Fundi wa studio amekubali tukae nyuma ya kioo tukutazame.”

“Ukoo mzima?”

“Si mzima. Shangazi ana mguu.”

Akanivutia kiti, akanimiminia chai kikombe nusu. Siku hizi hunimiminia nusu, nami sikuwahi kujiuliza kwa nini.

“Unajua ninachofurahia?” akasema. “Si gazeti. Ni kwamba umetulia. Zamani ulikuwa mtu wa sanduku. Miezi sita hoteli ya huku, miezi minane meli ya kule, watoto wanakujua kwa picha. Miaka miwili hii hujaondoka. Mpaka mdogo ameacha kukuita mjomba.”

Niliacha kuondoka kwa sababu kila bendi mpya humjaribu mtu kwanza, na mimi ningejaribiwa nikaonekana. Lakini unamwambiaje mwanamke hivyo, naye anakutazama kama uliyebaki kwa mapenzi? Mapenzi nilikuwa nayo. Yalikosa tu nauli ya kufika mdomoni.

Nikanywa chai yangu nusu, nikalala.

Jumatano nikasema, basi aanze kuujua ukweli shemeji. Yeye ni mwanamuziki, ataelewa. Nikamkuta kwake sebuleni anafuta vibao vya piano kwa kitambaa chenye maji, kimoja kimoja, kama anayemnawisha mtoto uso.

“Shemeji,” nikaanza, “nina jambo la kukiri.”

“Na mimi ninalo. Langu ni zito, acha nilitue kwanza. Kaa.”

Nikakaa.

“Miaka miwili na nusu iliyopita,” akasema bila kunitazama, “nilikuwa nimeshapata mtu wa kushika nafasi yako.”

“Nafasi yangu ipi?”

“Una ngapi? Ya besi. Barua ya kukuachisha niliandika, ikakaa kwenye kiti cha piano, chini ya karatasi za nyimbo. Sikujua nitamwambia nini dada.”

“Nilikuwa napiga vibaya?”

“Ulikuwa unapiga vizuri mno! Hilo ndilo lilikuwa balaa lako. Vidole vyako vilikuwa kama watu waliokunywa kahawa. Nikitaka kupumua kwenye wimbo, nakuta umeshapumua wewe. Mwimbaji akimeza mate, umeshajaza noti sita. Ulikuwa mzuri, na hakuna aliyetaka kusimama karibu nawe.”

Nikaangalia dari yake.

“Halafu siku moja ukaacha,” akaendelea, na sauti yake ikalegea. “Ukapiga moja, ukatungoja. Mimi nikajisikia mwenyewe nikipiga piano, mara ya kwanza baada ya miaka. Nilirudi nyumbani nikaichana ile barua. Sijui siku ile ulipata nini.”

Ganzi, nikasema moyoni.

“Uzee,” nikasema kwa mdomo.

“Basi ubarikiwe uzee wako. Haya, na wewe ulikuja kukiri nini?”

Nilimtazama. Nilitazama kiti cha piano alichokalia.

“Nilikuja kuomba maji ya kunywa,” nikasema.

Sasa pigeni hesabu hiyo, wasomaji, ninyi mliosoma. Mkono ukiwa mzima, nilikuwa mtu wa kufukuzwa. Mkono ukiwa mbovu, mimi ni Nguzo. Nikiutibu, nitakuwa nani? Nisipoutibu, baada ya miezi michache hata hizo noti chache hazitakuwepo, nami nitapiga kimya cha kweli, kile cha makaburini.

Nilikesha na swali hilo, na asubuhi nikachagua mkono. Ni wangu. Nilizaliwa nao kabla sijazaliwa na jina.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Saa tatu napasuliwa, saa nne wananisubiri studio, saa tano wananitukana, saa sita naamka na bendeji na kusema nilianguka. Mtu aliyelala hospitalini hagombezwi.

Ila niliondoka nyumbani na besi. Ningeiacha, mke wangu angeuliza. Ndugu zangu, mtu anaweza kutoroka na mke wa watu, anaweza kutoroka na benki, lakini hakuna aliyewahi kutoroka kisirisiri na besi ya kusimama. Mtaa mzima ulinipungia mkono. “Nguzo! Leo ndiyo leo!” Nami nacheka na kila mtu, nikikata kona ya hospitali badala ya kona ya studio.

Mapokezi, nesi mnene mwenye miwani alinitazama, akaitazama besi.

“Mgonjwa ni nani kati yenu?”

“Mimi, sista.”

“Na huyu amekusindikiza?”

“Hana pa kukaa.”

“Basi asimame, maana naona amezoea.”

Wakanivisha lile vazi la kijani linalofungwa nyuma kwa kamba tatu, mbili zimekatika. Nguo zangu na simu wakavifungia kabatini, ufunguo nesi akautia mfukoni. Besi wakaiegemeza ukutani karibu na kitanda changu. Kisha nesi akaja na karatasi.

“Ndugu yako asaini hapa.”

“Nitasaini mwenyewe. Nina akili timamu.”

“Mwenye akili timamu haji kupasuliwa na ngoma yake.”

“Si ngoma, ni be...”

“Hata ingekuwa kinanda. Dawa ikikulaza, tukitaka kuuliza neno tutamuuliza nani? Huyu wa ukutani? Utaratibu wetu ni mmoja: hakuna ndugu, hakuna kisu.”

“Ndugu zangu wote wamesafiri, sista.”

“Wote?”

“Ni ukoo wa wasafiri.”

Akanitazama juu ya miwani. “Unafanana na muongo, lakini si kazi yangu. Faili lako la zamani lina namba ya mtu. Mwaka ule ulipodondoka jukwaani ukavunjika mbavu, kuna aliyekuleta.”

Moyo ukapiga ngoma bila Kishindo.

“Usimpigie huyo,” nikasema.

“Nimeshampigia. Yuko njiani.”

Nikajitupa kutoka kitandani. Nikafika kwenye kabati, limefungwa. Nikafika mlangoni, upepo wa koridoni ukanikumbusha kuhusu zile kamba mbili. Nikarudi kitandani kinyumenyume. Mtu aliyevaa nusu ya nguo hana nchi ya kukimbilia.

Shemeji alifika baada ya robo saa, amevaa kizibao chake cheusi cha kurekodia. Alikuja mbio, uso umemshuka, akidhani ninakufa. Aliponiona nimekaa, akaninyooshea kidole. Akaichukua karatasi, akaisoma, kidole kinafuata mstari.

“Mkono wa kushoto,” akasoma. “Kidole cha nne na cha tano. Ganzi na udhaifu kwa muda wa...” Kidole kikasimama. “Miaka miwili?”

“Miaka miwili.”

Akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Akautazama mkono wangu kwa muda mrefu, kama anayemtambua mtu aliyekuwa akipishana naye kila siku.

“Kwa hiyo zile nafasi kati ya noti...” akasema.

“Hazikuwa nafasi, shemeji. Yalikuwa mashimo.”

Nilidhani atanipiga. Akacheka. Akacheka mpaka akavua miwani, na aliyekuwa anafuta machozi mwishoni hakuwa tena mtu anayecheka.

“Na mimi nimejenga bendi nzima juu ya mashimo,” akasema.

Akatoa kalamu. Akaandika jina lake vizuri, kwa ile hati yake ya noti. Penye uhusiano akaandika shemeji. Penye sahihi, kalamu ikasimama hewani.

“Nijibu kwa kweli, mara hii moja. Ukipona, utarudi kuwa yule wa kwanza?”

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa na uzoefu wa miaka miwili, tena wa kila siku. Lakini mtu aliyevaa lile vazi hana mahali pa kuficha hata uongo.

“Sijui,” nikasema.

“Hujui.”

“Vidole vikirudi, vitataka kazi. Vimefungiwa muda mrefu.”

“Basi na mimi sijui,” akasema, akaiweka karatasi godoroni bila sahihi. “Hili siliamui peke yangu. Huyu mwenye mkono ana mwenyewe.”

Akapiga simu. “Dada? Niko na mumeo. Hajambo, hajambo. Ana neno na wewe.” Akanisogezea simu sikioni.

“Baba watoto!” Sauti ya mke wangu ilikuwa kubwa, ina mwangwi. “Sema! Fundi ametuunganisha kwenye spika, wote tunakusikia! Mama yako yuko hapa, mjomba yuko hapa, hata shangazi amekuja na mguu wake!”

Nikafumbua mdomo. Halikutoka hata neno. Nilisikia ukoo wangu unapumua ndani ya simu. Kisha sauti ya yule mwandishi aliyenisifu gazetini, kumbe naye amealikwa, anawanong'oneza kwa heshima:

“Tulieni jamani. Hata kwenye simu anapiga kimya!”

Na wakapiga makofi.

Makofi yalipokwisha, mke wangu alisema neno moja, si kwangu. “Zima.” Mwangwi ukakatika. Sauti yake ikarudi ndogo, ya jikoni kwetu.

“Uko hospitali.”

“Umejuaje?”

“Ni mkono?”

“Mama watoto, nilitaka kukwambia...”

“Nani anaokota vikombe nyumbani kwako? Nani anakumiminia nusu ili usimwage? Nimejua tangu mwaka wa kwanza. Nilikuwa nangoja useme.”

“Kwa nini hukuniuliza?”

Sasa akanyamaza yeye. Na mimi, bingwa wa kimya, niliyeandikwa gazetini, sikukielewa kile cha kwake.

“Mpe kaka simu,” akasema.

Shemeji akasikiliza, ameinamisha kichwa. “Ndiyo, dada. Sijasaini. Ndiyo. Nimekusikia.” Akakata. Akaifunika kalamu, akaichomeka mfukoni.

“Amesema nisisaini,” akasema.

“Nini? Anakuja kusaini mwenyewe?”

“Anakuja. Lakini amesema kwanza nikuulize, na jibu nimpelekee mlangoni.” Hakutaka kunitazama. “Mkono ukipona, utaondoka tena?”

Hapo nikawaelewa wote wawili. Mmoja anataka vidole vyangu virudi ila nisipige navyo kama zamani. Mwingine anataka virudi ila nisiende navyo popote. Nirudishiwe mkono kwa sharti nisiutumie. Na ubaya wake ni kwamba hawakuwa maadui zangu. Hao ndio watu wawili waliokuwa wakinipenda zaidi duniani, na miaka miwili ya ugonjwa wangu ilikuwa miaka yao mizuri.

Nesi akasukuma mlango. “Daktari ameshanawa mikono. Nani anasaini?”

“Bado hajajibu,” shemeji akasema.

“Ajibu nini? Mimi nimeomba sahihi, sikuomba kesi.”

“Sista, nipe dakika mbili,” nikasema. “Shemeji, toa hiyo kalamu.”

“Jibu kwanza.”

Nesi akatutazama mmoja baada ya mwingine, akaichukua karatasi yake godoroni, akaikunja mara mbili. Akageuka, akaita koridoni kwa sauti kavu jina la mgonjwa mwingine, si langu. Nikasikia magurudumu ya kitanda yakianza kulia sakafuni, yakipita mbele ya mlango wetu bila kusimama, yakielekea kwenye chumba cha upasuaji.